Kwa nini viwavi na nyasi vihesabiwe kwanza: jibu kuhusu kisiwa cha Marion

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa masomo ya wanyamapori hapa Morogoro. Nimesikia kwamba Afrika Kusini inajiandaa kuwaangamiza panya wote wa kisiwa cha Marion, kule kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kwa sababu wanawatafuna ndege wa baharini wakiwa hai. Nikasikia pia kwamba watafiti wanatumia miaka mingi kupima wadudu na mimea ya kisiwa hicho. Kwa nini wahangaike na viwavi na nyasi wakati tatizo ni panya na ndege? Na vipimo hivyo vinafanywaje mahali pasipo na wenyeji wala barabara, penye upepo na mvua mwaka mzima?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza nikuonyeshe kisiwa kilipo, maana wewe na kisiwa hicho mko kwenye mstari mmoja. Weka rula Morogoro kwenye ramani, uivute kuelekea kusini bila kuipindisha. Utapita Tunduru, utaikata Msumbiji, utaingia baharini, na baada ya kilomita zinazokaribia 4,450 utagusa Marion. Longitudo ni ileile, digrii 37 na ushee mashariki. Kinachobadilika ni latitudo: Marion iko karibu digrii 47 kusini, katikati ya pepo za magharibi ambazo hazina nchi kavu ya kuzizuia. Ni kisiwa cha volkano chenye ukubwa wa kilomita za mraba zinazokaribia 290, na kilele chake kinapita mita 1,200. Joto la wastani karibu na usawa wa bahari ni kama digrii 6. Hakuna mti hata mmoja. Afrika Kusini imekuwa na kituo cha hali ya hewa pale tangu 1948, na kila mwaka, mwezi wa Aprili au Mei, meli ya SA Agulhas II hutoka Cape Town kupeleka kikosi kipya na kurudisha cha zamani.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo ndilo zito.

Ukitaka kuwaelewa panya wa Marion, usianze na ndege. Anza na viwavi. Kisiwa hicho hakikuwa na mnyama yeyote wa nchi kavu anayenyonyesha, hakikuwa na mjusi wala chura. Hapa kwetu jani likifa kuna mchwa, kuna swala na ng'ombe waliokwisha kulila kabla halijafa, kuna joto linaloozesha kila kitu kwa wiki chache. Marion haina hata kimoja kati ya hivyo. Majani yaliyokufa hurundikana kwenye udongo mweusi wa mboji, na kazi kubwa ya kuyasaga hufanywa na kiwavi wa nondo aitwaye Pringleophaga marioni. Nondo mwenyewe hawezi kuruka, kwani mabawa yake yamebaki vibutu tu. Sehemu kubwa ya maisha yake huishi akiwa kiwavi chini ya majani, kwa miaka na si kwa wiki, kwa sababu baridi inampunguzia kasi ya kukua. Pamoja naye wapo fukusi wa jenasi za Ectemnorhinus na Bothrometopus, minyoo ya udongo, buibui, konokono mdogo wa asili, na mamilioni ya utitiri na kolembola, wale wadudu wadogo wa udongo wanaoruka wakiguswa. Hao ndio wanaoirudisha mbolea ardhini ili mimea iote.

Panya wa nyumbani, wale wadogo, walifika mwanzoni mwa karne ya 19 na meli za wawindaji wa sili. Chakula chao kikuu kilikuwa viwavi, fukusi, buibui na mbegu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaletwa paka wachache ili wawapunguze panya wa kituoni. Paka wakatoroka, wakazaana hadi kupita 2,000 katika miaka ya 1970, na kwa makadirio ya wakati ule wakawa wanaua petreli, ndege wa baharini wanaotaga mashimoni, karibu 450,000 kwa mwaka. Ilichukua ugonjwa ulioachiliwa makusudi mwaka 1977, kisha bunduki, mitego na sumu, hadi wa mwisho kuondolewa mwaka 1991. Ndege wakaanza kupata nafuu, lakini panya walibaki. Wakati huohuo joto la kisiwa limepanda kwa zaidi ya digrii moja tangu miaka ya 1960 na mvua imepungua, kwa hiyo msimu wa panya kuzaana umerefuka. Idadi yao katika kilele cha mwaka imeongezeka sana, na uzito wa wadudu kwa kila mita ya mraba umeporomoka, kwa baadhi ya makazi mara kumi na zaidi. Mwaka 2003 ndipo zilipoonekana dalili za kwanza za panya kushambulia makinda ya albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, na mashambulizi yakaenea miaka iliyofuata, hadi kufikia kuwaua ndege wakubwa waliokwisha kukomaa. Albatrosi hana silika ya kujihami dhidi ya mnyama mdogo anayemtafuna usiku. Anakaa tu kwenye kiota.

Kwa hiyo wengi wetu tunaofanya kazi hii tunaamini kwamba panya waliwageukia ndege baada ya kumaliza wadudu. Anayepima ndege peke yake anaiona habari hii kutoka mwishoni.

Ushahidi kwamba wadudu wanabeba maisha ya wengine upo wa aina mbili ninazozipenda. Kuna ndege mweupe wa pwani aitwaye Chionis minor, mdadisi sana, ambaye wakati wa baridi hutegemea wadudu wa udongo. Idadi yake Marion imeshuka. Jirani, kwenye kisiwa cha Prince Edward, umbali wa kilomita 20 hivi, ambako panya hawajawahi kufika, hali si hiyo. Na kuna viota vya albatrosi. Ndege huyo mkubwa akikalia kiota kwa miezi, joto la kiota hupanda, na watafiti walipochimbua viota hivyo walikuta viwavi wengi kuliko kwenye udongo wa jirani. Ukipoteza albatrosi, unampunguzia kiwavi mahali pake pa joto. Ukipoteza kiwavi, mbolea ya ndege haifiki kwa nyasi ipasavyo. Vimeshikana.

Sababu nyingine ni ya kivitendo kabisa, na nashangaa haisemwi mara nyingi. Panya wataondolewa kwa chambo chenye sumu ya brodifakumu kitakachomwagwa na helikopta juu ya kisiwa chote. Lazima kila panya apate punje yake. Akibaki jike mmoja mwenye mimba, kazi yote imepotea. Mwaka 2021 kazi ya namna hiyo ilifanyika katika kisiwa cha Gough, Atlantiki ya kusini, na kabla mwaka haujaisha panya akaonekana akiwa hai. Kati ya maelezo yaliyotolewa, moja ni kwamba koa, wale konokono wasio na gamba walioletwa na watu, walikula chambo kingi mno. Brodifakumu huzuia damu kuganda, kwa hiyo koa haidhuriki nayo kama panya, hushiba na kuondoka. Marion nayo ina koa mgeni, Deroceras, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1972 na sasa ameenea nyanda za chini. Asiyejua wako wangapi, wapi na mwezi gani wanakuwa wengi, atapimaje chambo kitakachobaki kwa ajili ya panya? Hapo kumhesabu koa ni sehemu ya kumwondoa panya.

Na kuna la baada ya kazi. Ukimwondoa mlaji, waliokuwa wakiliwa huongezeka, wema na wabaya pamoja. Kisiwa cha Macquarie cha Australia kiliondoa paka wake wa mwisho mwaka 2000, sungura wakaongezeka na kutafuna nyasi ndefu za miteremkoni hadi ardhi ikaanza kuporomoka. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha ongezeko hilo kilitokana na kuondoka kwa paka na kiasi gani na kudhoofika kwa ugonjwa uliokuwa ukiwapunguza sungura. Ikabidi ifanyike kazi kubwa zaidi ya kuondoa sungura, panya wakubwa weusi wa melini (Rattus rattus) na panya wadogo kwa pamoja, na mwaka 2014 kisiwa kikatangazwa safi. Uoto umerudi vizuri sana. Lakini mabishano yale yanatufundisha kwamba bila vipimo vya mapema, hata ukiona mabadiliko kwa macho yako, huwezi kusema yamesababishwa na nini. Marion ina mimea ya kigeni ambayo mbegu zake zinaliwa na panya. Ina Porcellio scaber, mnyama mdogo wa jamii ya kaa anayeishi nchi kavu mahali penye unyevu, aliyegunduliwa mwaka 2001. Ina hata yule nondo mgongo wa almasi anayewasumbua wakulima wa kabichi wa Mgeta na Lushoto, aliyefika miaka ya 1980 na kuanza kula kabichi ya Kerguelen, mmea wa asili ambao mabaharia wa zamani waliula kujikinga na kiseyeye. Nani atapanda na nani atashuka panya wakiondoka? Lazima ujue walikuwa wapi kabla.

Tuje kwenye namna ya kupima.

Kazi huanza na mimea, kwa sababu mimea ndiyo inayokwambia uko makazi gani. Marion ina spishi za asili za mimea yenye mishipa zaidi kidogo ya 20 tu. Kuvumwani na likeni, zile zinazotandaa kama zulia au magamba juu ya udongo na mawe, ni nyingi kuliko hizo. Ukitembea kutoka ufukweni kwenda juu utapita ukanda wa chumvi ambako ni mimea minene ya Crassula na Cotula, kisha maeneo ya makoloni ya pengwini na sili yenye nyasi za Poa cookii zilizonenepa kwa samadi, kisha vinamasi, kisha miteremko iliyofunikwa na kangaga fupi liitwalo Blechnum, kisha nyanda za mawe na upepo ambako Azorella selago inatawala, na juu kabisa jangwa la baridi lenye kuvumwani tu. Kila moja ya makazi hayo lazima ipimwe peke yake. Wastani wa kisiwa chote hauna maana; kinamasi na uwanda wa mawe vinatofautiana kwa karibu kila kitu.

Ndani ya kila aina ya makazi unachagua maeneo kadhaa yaliyo mbalimbali, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Kwadrati ishirini, yaani vipande vya mraba vya kupimia, katika kinamasi kimoja zinakwambia habari za kinamasi kimoja, hata ukizipanga vizuri namna gani. Afadhali kwadrati tatu tatu katika vinamasi saba vilivyotawanyika pande zote za kisiwa, pamoja na upande wa magharibi ambako kufika ni kazi. Marion ina vibanda vya watafiti kuzunguka pwani, kama Mixed Pickle na Cape Davis, na mtu hutembea kutoka kimoja hadi kingine kwa mguu akiwa na mzigo mgongoni. Kishawishi cha kupima karibu na kituo ni kikubwa. Kipinge, kwa sababu karibu na kituo ndipo mimea ya kigeni ilipojazana na ndipo watu walipokanyaga zaidi.

Kwadrati ya nusu mita au mita moja inatosha kwa mimea mifupi kama hii. Mimi napendelea kushusha sindano ndefu kwenye pointi zilizopangwa ndani ya fremu na kuandika kila mmea inaougusa, kuliko kukadiria asilimia kwa jicho. Kukadiria ni haraka, lakini watu wawili wakisimama juu ya kwadrati moja watakupa majibu mawili, na kikosi cha Marion hubadilika kila mwaka. Sindano haijali ni nani ameishika. Kila kona ya kwadrati iwekewe alama isiyooza, namba za GPS ziandikwe, na picha ipigwe kutoka kona ileile ikielekea upande uleule.

Nasisitiza alama kwa sababu moja kubwa ya kihistoria. Mwaka 1965 na 1966 msafara wa kwanza mkubwa wa wanabiolojia, chini ya E. M. van Zinderen Bakker, ulifanya kazi Marion. Brian Huntley, aliyekuwa mtaalamu wa mimea wa msafara ule, aliandika kila mmea aliukuta hadi mwinuko gani. Wakati huo ilionekana ni orodha ya kawaida. Miaka 40 baadaye Peter le Roux na Melodie McGeoch wakapanda mteremko uleule na kuangalia upya, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo: karibu nusu ya spishi zilikuwa zimepanda juu zaidi ya pale Huntley alipoziona mara ya mwisho. Ni moja ya shuhuda za wazi kabisa za mimea kuhama kwa sababu ya joto katika ukanda ule. Iliwezekana kwa sababu Huntley aliandika mahali na mwinuko, pamoja na majina.

Azorella inahitaji uangalizi wake peke yake. Inaota kama mto wa kulalia, duara gumu la majani yaliyobanana, na hukua milimita chache kwa mwaka. Mmea wa upana wa sahani unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wako. Ndani yake kuna joto na unyevu kuliko nje, kwa hiyo utitiri na kolembola hukusanyika humo, na panya nao huchimba mashimo humohumo wakawafuata. Kwa Azorella pima upana, andika kama kuna shimo la panya, piga picha. Na usiikanyage. Buti moja juu ya mmea huo huacha jeraha litakaloonekana miaka mingi, kwa hiyo njia ya kufikia kwadrati ipangwe juu ya mawe tangu mwanzo.

Kwa wadudu, sahau karibu kila kifaa ulichozoea. Hapa Morogoro ungetundika shuka jeupe na taa, ukasubiri nondo. Ungepiga wavu kwenye majani. Marion nondo wa asili hawaruki, fukusi hawaruki, na nzi wengi wa ufukweni wanatambaa. Mahali penye upepo wa namna ile kuruka ni kupeperushwa baharini. Kwa hiyo unaingia ardhini.

Kifaa cha kwanza ni bomba la chuma lenye kingo kali, unalozamisha kwenye udongo na kuchomoa kipande cha duara chenye mimea yake na mboji yake. Kipenyo lazima kiwe kilekile katika maisha yote ya mradi. Kipande kikubwa unakivunja kwa mikono juu ya sinia, taratibu, ukitoa viwavi, minyoo, fukusi na koa mmoja mmoja. Kazi hii huchosha vidole kwa baridi, na kila mtu ana jicho lake, kwa hiyo andika nani alichambua na kwa muda gani. Kipande kidogo unakiweka kwenye faneli ya Tullgren: taa inawaka juu, udongo unakauka polepole kutoka juu kwenda chini, na wale wadudu wadogo kabisa wanaukimbia ukavu huo hadi wanaanguka kwenye chupa ya spiriti. Inachukua siku kadhaa na inahitaji umeme, maana yake vipande vya udongo lazima vibebwe hadi kituoni bila kubinywa wala kukauka njiani. Baada ya hapo ni hadubini, na subira.

Mtego wa shimo, yaani kikombe kilichozikwa mdomo ukiwa sawa na ardhi, unafaa kwa buibui na fukusi wanaotembea. Una matatizo mawili. Mvua ya kisiwa ni karibu mita mbili kwa mwaka, kikombe kinafurika, na kwenye kinamasi kinasukumwa juu na maji kama hakijashikiliwa kwa pini. Lakini tatizo kubwa zaidi liko kwenye tafsiri: mtego unahesabu waliotembea, wala hauhesabu waliopo. Siku ya joto kidogo fukusi hutembea zaidi, unapata wengi, ukadhani wameongezeka. Ndiyo maana kipimajoto kidogo kinachojiandikia chenyewe lazima kikae kando ya kila kundi la mitego. Kwa fukusi wa kwenye miamba wanaokula likeni hakuna mtego. Unatafuta kwa macho na vidole kwa muda uliopangwa, sema nusu saa kwa kila eneo, na unaandika hata kama hukupata kitu. Sufuri iliyoandikwa ni taarifa kamili. Sufuri isiyoandikwa hakuna atakayeitofautisha na eneo lisilotembelewa.

Na usihesabu tu. Pima urefu wa mwili. Panya huchagua fukusi wakubwa, na vipimo vya miaka mingi vimeonyesha fukusi wa Marion wakipungua ukubwa. Idadi peke yake isingelionyesha jambo hilo. Weka vielelezo vichache vya kila spishi kwenye ethanoli ya kiwango cha juu, ili vinasaba visiharibike, kwa sababu majina ya fukusi hawa yamebadilishwa mara kadhaa na huenda yakabadilishwa tena; mwenye kielelezo atasahihisha, mwenye jina tupu atabaki nalo. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa. Wino huyeyuka kwenye spiriti.

Msimu una mtego wake. Meli hufika Aprili au Mei, watu wengi hushuka kwa wiki chache, na kila mmoja anataka kupima wakati huo. Lakini hicho ni kipindi panya wanapokuwa wengi kabisa na wadudu wameliwa kiangazi chote, ambacho huko ni kama Desemba hadi Machi. Ukipima Aprili peke yake kila mwaka, utakuwa na mfululizo mzuri wa Aprili na hutajua lolote kuhusu Januari, wakati mimea imefikia kilele chake. Kwa hiyo vipimo vya kiangazi lazima vifanywe na wale wanaobaki kisiwani mwaka mzima, na wafundishwe kwa mikono kabla mtangulizi wao hajapanda meli.

Je, eneo la kulinganishia litoke wapi? Marion yenyewe haiwezi kugawanywa, kwa sababu chambo lazima kimwagwe kila mahali. Linganisho la kweli ni Prince Edward, kisicho na panya. Lakini kisiwa hicho ni kidogo zaidi, cha karibu kilomita za mraba 45, na ruhusa ya kukanyaga hutolewa kwa nadra sana, kwa watu wachache na siku chache. Nakubaliana kabisa na ukali huo. Mmea mdogo wa kigeni, Sagina procumbens, wenye mbegu kama vumbi, ulionekana Prince Edward mwaka 1997 baada ya kuenea Marion kwa miaka mingi. Mtafiti ndiye njia rahisi ya mbegu kusafiri: zinajificha kwenye mshono wa mfuko, kwenye soksi, kwenye meno ya velkro, kwenye tope la kisigino. Kwa hiyo kabla ya safari mifuko yote hupinduliwa na kufyonzwa kwa mashine, buti husuguliwa, na vifaa vya Marion havipelekwi Prince Edward. Uchache wa ziara hizo unafidiwa kwa kupima Marion miaka mingi mfululizo kabla ya chambo. Mwaka mmoja hautoshi kuwa msingi. Ukiangukia mwaka wa ukame au wa baridi kali, kila utakachokiona baadaye utakisoma vibaya.

Umeuliza kwa nini miaka, na jibu liko kwa kiumbe mwenyewe. Panya wakishaondolewa, kwa kawaida husubiriwa kama miaka miwili kabla ya kutangaza kwamba kazi imefaulu. Kisiwa cha Antipodes cha New Zealand kilimwagiwa chambo mwaka 2016 na kikatangazwa hakina panya mwaka 2018. Lakini miaka miwili kwa Pringleophaga ni muda ambao viwavi wa kizazi kimoja bado hawajawa nondo. Atakayepima mara moja tu wakati wa kutangaza ushindi atasema wadudu hawajarudi, na atakuwa amewahi mno. Kwa maoni yangu koa, buibui na nondo wa kabichi wapimwe kila kiangazi tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu hao huitikia upesi na ndio wanaoweza kuleta tatizo jipya. Viwavi na fukusi wapimwe kila mwaka kwa angalau miaka kumi, pamoja na urefu wa miili yao. Azorella na mimea ya miteremkoni inatosha kurudiwa kila baada ya miaka mitano, kwenye alama zilezile, kwa sindano na fomu zilezile zilizotumika kabla ya chambo.